Mahindi matupu hayamtoshi kware, wala mtoto wako

Bibi mmoja kutoka upande wa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, alikuja kliniki asubuhi akiwa na mjukuu mgongoni na kopo la mayai ya kware mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaongeza na "mwangaluka, daktari" ya kwao. Kopo akaliweka juu ya meza yangu kabla hajakaa.

"Nimekuletea dawa," alisema. "Na wewe uwe na nguvu."

Mjukuu alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Nilipomzungushia mkononi utepe wa kupimia lishe, ulisimama kwenye rangi ya njano, sentimita 12.1. Mtoto wa umri huo anatakiwa asipungue sentimita 12.5. Nywele zilikuwa nyepesi, zimeanza kupoteza weusi wake. Hakuwa amevimba miguu, nashukuru, lakini njia aliyokuwa anaielekea tunaijua. Nikamuuliza bibi mtoto anakula nini. Uji asubuhi, ugali mchana, ugali usiku na mchuzi wa mboga. Na yai moja la kware kila siku, bichi, linapasuliwa ndani ya uji ukiwa umeshapoa.

Kisha nikampima bibi mwenyewe presha, kwa sababu kadi yake ilionyesha ni mgonjwa wetu wa siku nyingi. Ilikuwa 190 kwa 110. Vidonge alikuwa ameviacha tangu alipoanza kunywa mayai ya kware, matatu kila alfajiri. Yule aliyemuuzia ndege alimwambia mayai hayo yanaondoa presha, kisukari na pumu, na yanarudisha nguvu za kiume kwa wenye kuzihitaji.

Wakati naandika dawa, bibi akalalamika juu ya kware wake. Wiki tatu sasa wametaga mayai yenye ganda laini kama karatasi, kisha wengine wakaacha kutaga, na wawili hawawezi kusimama. Nikamuuliza na wao wanakula nini. "Pumba ya mahindi," akajibu. "Na chenga."

Mtoto na ndege walikuwa wanakula chakula kimoja. Nataka wiki hii tuzungumzie jambo hilo, kwa sababu ukielewa kware anahitaji nini ili atage, utaelewa sehemu kubwa ya kile ambacho mtoto na mama mjamzito wanahitaji.

Kwanza jina. Wazee wa Unyamwezi wakisikia kware wanamfikiria ndege wa porini, mkubwa kidogo, anayekimbia kwenye nyasi za miombo na kuruka kwa kishindo ukimkanyagia karibu. Huyu wa kwenye mabanda ni mwingine, kware wa Kijapani, ndege mdogo wa gramu 150 hivi aliyefugwa Asia kwa karne nyingi. Huanguliwa baada ya siku 17 au 18, na akiwa na wiki sita au saba anaanza kutaga. Akitunzwa vizuri hutaga karibu kila siku.

Sasa piga hesabu. Yai lake lina gramu 10 hivi, yaani asilimia karibu saba ya uzito wa mwili wake. Ni kama mama wa kilo 60 ajifungue mtoto wa kilo nne leo, na kesho tena, na keshokutwa. Ndani ya yai hilo kuna gramu 1.2 za protini, na ganda lake lina kama gramu 0.3 za kalsiamu. Kware anakula gramu 20 hadi 25 tu za chakula kwa siku. Kila kitu lazima kitoke humo.

Ndiyo maana wataalamu wa lishe ya ndege wanataka chakula cha kware anayetaga kiwe na protini asilimia 20 na kalsiamu asilimia 2.5 au zaidi kidogo. Katika gramu 25 za chakula cha namna hiyo kuna gramu 0.6 za kalsiamu. Mwili unafyonza karibu nusu yake, na ganda linapatikana. Mahindi yana protini asilimia nane au tisa, na kalsiamu yake ni kidogo mno. Kware wa bibi alikuwa anapata chini ya sehemu ya ishirini ya kalsiamu aliyohitaji. Ndege huyo haachi kutaga mara moja. Anaanza kuchota kwenye mifupa yake mwenyewe, kwa kuwa ndege jike huweka akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa ya miguu kwa kazi hiyo hiyo. Akiba ikiisha, ganda linakuwa laini, kisha miguu inalegea. Wale wawili wasioweza kusimama walikuwa wametaga mifupa yao.

Fosforasi nayo ina mambo yake. Pumba inayo nyingi, lakini imefungwa ndani ya nafaka kwa namna ambayo tumbo la ndege halina uwezo mkubwa wa kuifungua. Kwa hiyo wafugaji huongeza unga wa mifupa au ile DCP inayouzwa kwenye maduka ya mifugo, na chokaa ya mifugo kwa ajili ya kalsiamu. Viwili hivi lazima viende kwa uwiano, maana kimoja kikizidi sana mwili unashindwa kutumia kingine. Na ili kalsiamu ifyonzwe inahitajika vitamini D, ambayo kware aliyefungiwa kwenye boksi gizani haipati kwa jua. Tahadhari moja kwa wenye vifaranga: msiwape chakula cha wanaotaga. Kifaranga anahitaji protini zaidi, asilimia 24, lakini kalsiamu kidogo, asilimia 0.8 tu. Ikizidi inamwaribu figo.

Turudi kwa mtoto.

Protini imejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Baadhi mwili hauwezi kuvitengeneza, ni lazima viletwe na chakula. Mahindi yana upungufu mkubwa wa kimojawapo kiitwacho laisini. Ukimpa kware mahindi matupu, hata akila hadi kifua kijae, atakwama kwenye laisini kama fundi mwenye matofali tele asiye na saruji. Mtoto ni vivyo hivyo. Anaweza kushiba uji, akalala vizuri, na bado asikue. Ndiyo sababu akina mama wengi hunishangaa nikiwaambia mtoto hana lishe. "Lakini anakula, daktari, bakuli zima!" Ni kweli anakula. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takriban gramu 13 za protini nzuri kwa siku, na tumbo lake ni dogo. Uji mwepesi wa mahindi hauwezi kuzibeba.

Na yai moja la kware? Gramu 1.2. Yai la kuku lina gramu sita na zaidi. Kwa maneno mengine, mayai matano ya kware ni sawa na yai moja la kuku. Siwadharau kware. Gramu kwa gramu, yai lao lina protini sawa na la kuku, na madini chuma karibu mara mbili, na vitamini B12 zaidi. Lina lehemu pia zaidi ya mara mbili, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Lakini bibi alikuwa akiamini kwamba yai moja la kware limemaliza kazi ya siku nzima, na kwa sababu hiyo hakuona haja ya maharage, karanga wala dagaa. Hapo ndipo mtoto alipoanza kukonda.

Utafiti kuhusu mayai na ukuaji wa watoto upo. Ule uliofanyika Ecuador, matokeo yake yakatolewa mwaka 2017, uliwapa watoto wa miezi sita hadi tisa yai moja la kuku kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwa asilimia 47. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Miaka miwili baadaye yakatoka matokeo ya Malawi, kwa mpango ule ule wa yai moja kwa siku, na kule hawakuona tofauti ya maana katika urefu wa watoto. Watafiti walieleza sababu mojawapo inayowezekana: watoto wa eneo lile, jirani na Ziwa Malawi, tayari walikuwa wanakula samaki. Mimi hupenda kuwasimulia wazazi matokeo yote mawili. Yai linasaidia sana pale ambapo protini nzuri haikuwepo. Penye dagaa kila siku, mtoto tayari ana kitu cha kujengea.

Na dagaa Tabora tunao. Njia ambayo misafara ya karne ya 19 iliitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, ikapumzika hapa Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, ndiyo kwa sehemu kubwa iliyofuatwa na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Dagaa wa Kigoma wanapanda njia hiyo hiyo mpaka sokoni kwetu, na wa Mwanza wanashuka kutoka kaskazini. Dagaa mkavu ana laisini nyingi, na kwa sababu unamtafuna na mifupa yake, anakupa kalsiamu na fosforasi kwa pamoja, kwa uwiano ambao mwili unaupenda. Ni ajabu kidogo kwamba mfugaji mzuri wa kware hawezi kukosa dagaa kwenye chakula cha ndege wake, huku ndani ya nyumba hiyo hiyo mtoto anapewa mchuzi, na dagaa wenyewe wanakwenda kwenye sahani ya baba. Nimeyaona haya mara nyingi mno kuyanyamazia.

Namna ya kumpa mdogo: chagua dagaa wasio na mchanga, toa vichwa ukipenda, osha, kausha, kaanga bila mafuta, saga uwe unga. Kijiko kimoja cha chai kwenye uji mzito wa mtoto aliyetimiza miezi sita kinatosha kuanzia. Karanga za kusaga nazo ni nzuri, na mkoa wetu unazilima, ila ziwe safi. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoharibika. Nasikia watu wakisema mahindi mabovu "tuwape kuku". Kware na kuku nao huumia ini, na sehemu ya sumu inaweza kupita kwenye mayai. Mahindi ya ukungu yatupwe.

Swali ninaloulizwa na wafugaji ni kama chakula bora cha ndege kinafanya yai liwe na virutubisho vingi zaidi. Kwa protini, jibu ni hapana, au kidogo sana. Ndege mwenye njaa ya protini hutaga mayai madogo au huacha kutaga, lakini yai analolitoa lina protini karibu ile ile. Kalsiamu ya sehemu tunayokula nayo haibadiliki sana, ikikosekana linaloumia ni ganda. Vipo vitu vinavyohama kutoka kwenye chakula kwenda kwenye yai: vitamini A na D, mafuta ya samaki, na madini joto.

Madini joto nitayatolea neno zaidi, kwa sababu ya njia ile ya msafara. Zamani chumvi ya Uvinza ilikuwa bidhaa kubwa kati ya Ziwa Tanganyika na Unyanyembe. Watu walisafiri siku nyingi kuifuata, na mpaka leo wapo wazee wanaoipenda kuliko ya pakiti. Chumvi ni nzuri kwa kukoleza, lakini chumvi yoyote, ya kisima au ya baharini, haina madini joto ya kutosha mpaka iongezewe kiwandani au hapo inapochemshwa. Bila madini hayo mtu mzima huota rovu, na mimba huweza kuharibika au mtoto kuzaliwa na upungufu wa akili usiorekebishika. Kwa hiyo angalia pakiti imeandikwa imeongezewa madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moshi wa jiko, na itie chakula kikikaribia kuiva. Kware nao wanahitaji chumvi, kiasi cha gramu tatu tu kwenye kilo ya chakula. Ukiwapa dagaa wenye chumvi, usiwaongezee nyingine.

Mama mjamzito ana habari yake inayofanana na ya kware. Mtoto aliye tumboni hujenga mifupa kwa takriban gramu 30 za kalsiamu mpaka azaliwe, nyingi ikiwa miezi mitatu ya mwisho, na zote zinatoka kwa mama. Msemo wa kwamba kila mimba inaondoka na jino si sahihi, kalsiamu haichotwi kwenye meno. Meno huharibika kwa fizi kuvimba na kwa kutapika. Lakini upungufu wa kalsiamu kwenye chakula una madhara mazito kuliko jino: unachangia presha ya mimba, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza wajawazito wa maeneo yenye kalsiamu kidogo kwenye mlo wapewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Uliza kliniki yako. Ukipewa, usivimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, acha saa kadhaa kati yake, kwa sababu vinazuiliana.

Wapo wanaotuliza hamu kwa pemba, ule udongo wa kuuzwa sokoni. Hauwapi kalsiamu ya maana, unazuia madini chuma kufyonzwa, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au risasi. Na wapo waliowahi kuniuliza kama wanaweza kula ile chokaa au DCP ya ndege, kwa kuwa "ni madini yale yale". Tafadhali msifanye hivyo. Bidhaa ya mifugo haikupimwa usafi kwa ajili ya binadamu. Maganda ya mayai yachemsheni, yakausheni, yasageni yawe laini, muwarudishie kware. Msipoyasaga wataanza kula mayai yao.

Sasa mayai mabichi. Imeenea imani kwamba kware hana vimelea vya salmonela, kwamba yai lake linaweza kunywewa hivi hivi. Si kweli. Kware hupata salmonela kama kuku, na kinyesi chake kinashika ganda vile vile. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mwenye kinga hafifu, ugonjwa huo unaweza kuingia kwenye damu. Na ute mbichi hushika moja ya vitamini za kundi B isifyonzwe. Yai la kware lichemshwe dakika nne hadi tano baada ya maji kuanza kutokota, mpaka kiini kiwe kigumu. Kama mtoto ana mzio wa yai la kuku, usimjaribishie la kware nyumbani ukidhani ni salama, miili mingi haioni tofauti.

Hili lifuatalo naomba lisomwe mara mbili. Yai la kware lililochemshwa na kumenywa ni la mviringo, linateleza, na ukubwa wake unaziba koo la mtoto mdogo sawasawa. Usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano yai zima mkononi. Liponde, au likate vipande vidogo, na mtoto ale akiwa ameketi.

Kuhusu presha, kisukari, pumu na nguvu za kiume: hakuna ushahidi wa kumfanya daktari yeyote amwachishe mgonjwa dawa. Wakenya waliipitia homa hii kabla yetu. Kati ya 2013 na mwanzo wa 2014 watu waliomba vibali vya kufuga kware kwa idara ya wanyamapori, wakakopa, wakajenga mabanda, mayai yakauzwa kama dawa ya kila ugonjwa. Kisha kila mtu akawa na kware, wanunuzi wakapungua, bei ikaanguka vibaya. Waliobaki na ndege waliwala. Mwenye kisukari au lehemu nyingi anaweza kula mayai ya kware kama chakula, kwa kiasi alichokubaliana na anayemtibu, akihesabu matano kuwa moja. Vidonge viendelee.

Ndege walikuwa wanalala chumba kimoja na mtoto. Hilo nalo tulilirekebisha, kwa ajili ya vumbi, kinyesi na mafua ya ndege.

Bibi nilimrudisha kwenye vidonge vyake siku ile ile, na hakuruhusiwa kuondoka mpaka presha iliposhuka. Hakufurahi. Nilimwandikia mtoto ratiba kwenye karatasi: uji mzito wenye unga wa dagaa na karanga asubuhi, maharage au dagaa mchana, tunda, yai la kuku au matano ya kware yaliyochemshwa siku anazoweza, na arudi kila wiki kupimwa. Kwa kware nilimwambia amwone afisa mifugo wa kata, nikamtajia tu dagaa, soya iliyokaangwa, mashudu ya alizeti na chokaa. Soya mbichi isitumike, kwa ndege wala kwa mtoto, ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa.

Wiki ya sita utepe ulisoma sentimita 12.7. Presha ya bibi ilikuwa 148 kwa 90, bado tunaishughulikia. Kware wawili walikufa, wengine walirudi kutaga mayai yenye ganda gumu, na bibi akaja na kopo jingine. Safari hii aliyachemsha kabla.